Kamisheni si ajira ya kuziba pengo

Mhariri, naomba kanafasi niongee na wadogo zangu mliomaliza chuo, maana kila JWTZ wakitangaza nafasi naona magrupu ya WhatsApp yanawaka moto, watu wanascan vyeti usiku kucha, na ukimuuliza mtu kwa nini unaenda anakwambia bro mtaani pagumu. Ni kweli pagumu, sibishi. Lakini kamisheni, yaani uofisa wa jeshi, sio kama kuomba ukarani halmashauri. Ukishapita JKT na usaili ukabahatika kupelekwa Monduli, kwenye chuo cha maofisa wa jeshi, unatoka pale luteni usu, nyota moja begani, Amiri Jeshi Mkuu kakupa kamisheni, na kesho yake unakabidhiwa vijana wa watu, tena chini yako kuna masajenti wenye umri wa baba yako wanakuita afande na wanasubiri useme tufanye nini!

Desemba 2017 wanajeshi wetu wasiopungua 14 waliuawa kule Semuliki, Kongo, wakilinda amani. Mimi nikisikia mtu anawaza mshahara tu nawakumbuka wale, naumia kweli.

Simkatazi mtu, jeshi linahitaji wasomi, wahandisi, madaktari, watu wa kompyuta. Ila kabla hujajaza fomu kaa na wazazi, kaa na mchumba wako pia (kuna masharti ya kutooa na utapangiwa kambi usiyoijua), mtafute afande mstaafu mtaani kwenu umuulize maisha yenyewe yakoje, siku ya kwata na siku ya msiba. Wengi wao wanapenda sana kuulizwa.

Msomaji wenu, Morogoro