Barua kwa Mwanangu Aliyeko Tunguu, Unguja

Wete, Pemba

Mwanangu kipenzi,

Assalaam alaykum. Huku hatujambo, bibi yako anakusalimu na anauliza kama unakula. Pesa ya chakula nimetuma. Ya sare ya harusi sikutuma. Sikukasirika, ila nataka tuzungumze, na kwenye simu huwi peke yako. Nasikia mtu wa pembeni anavyokutilia maneno.

Hii ni harusi nyengine tena, na bibi harusi mwenyewe humjui. Ni mtoto wa ami yake shoga yako, ukanambia. Nikakuuliza kwani lazima? Ukanijibu, "Mama, nisipovaa watanisema." Hilo ndilo lililoninyima usingizi, si bei ya dera. Ingawa bei nayo naijua: msimu huu baba yako kawachumia watu karafuu kwa pishi, na mimi usiku nakaa kuzichambua kutoka kwenye makonyo, ili wewe ukae dakhalia, bwenini, usome.

Sare haina ubaya, nasi tunavaa. Lakini mwaka ule jirani alipoozesha nami sina kitu, nilikwenda na kanga zangu za zamani, nikapewa sahani ya pilau kama wenzangu na hakuna aliyenitazama mara mbili.

Ulipokuja likizo nilikuwa nakutazama. Ukizungumza na hao mashoga zako wa kundi lenu, Kipemba chote kinakutoka. Wanakuigiza unavyosema, nawe unacheka. Utani baina yetu na watu wa Unguja upo tangu zamani, wao wanatutania na sisi tunawarudishia. Lakini humo kwenu anayechekwa ni wewe tu, na siku uliporudisha uliambiwa una hasira. Huo si utani, mwanangu.

Na yule mwenzenu aliyejitoa kwenye kundi? Ulinihadithia maradhi yake na mambo ya kwao, mpaka deni la babake. Nikajiuliza nani kawaambia. Kawaambia mwenyewe, wakati yuko ndani na anapendwa. Yako wameshayajua mangapi?

Wajaribu kwa kitu kidogo. Sema, "Sitovaa sare, nitakuja na nguo yangu," basi, usijitetee kwa maneno mengi. Atakayenuna kidogo kisha akarudi kukaa nawe, huyo ana ubinadamu. Atakayewapanga wenzake wasikusemeshe, umeshamjua.

Ukiamua kutoka, usigombane wala usimsute mtu. Zaidi ya yote usiandike maneno ya uchungu kwenye kundi la wasapu halafu ukatoka. Yatapigwa picha na yatafika Pemba kabla ya boti. Punguza tu. Leo una kazi ya darasani, kesho uko maktaba, na siri mpya usiwape hata moja.

Mchezo wenu wa kuchangiana pesa kwa zamu ni jambo jengine. Wewe umeshapokea zamu yako, kwa hiyo toa kila mwezi mpaka wa mwisho apate chake, ndipo ukatae mzunguko mpya. Ukiondoka na pesa za watu watakusema, na hapo watakuwa na haki, sitokutetea.

Yule mtoto wa Makunduchi usimuache. Siku ile alikufuata mpaka bandarini na mzigo wako kichwani, wenzake wakakuaga kwa simu. Naye huenda anaogopa kusemwa kama wewe. Mwambie mkale urojo nyinyi wawili tu, uone atakavyozungumza wasipokuwepo.

Mama hudhani mengi, lakini ikiwa wameanza kukuvuta kwenye matembezi ya usiku, au kwa wanaume wanaowalipia nauli na vyakula, usingoje kupunguza pole pole. Ondoka siku hiyo hiyo. Shangazi yako wa Mwanakwerekwe nimeshazungumza naye: saa yoyote utakayobisha atafungua, na hatokuuliza kitu mpaka umelala ukaamka.

Mama yako