Barua kwa mwanangu aliyebaki Wiltshire, Uingereza

Parramatta, koloni la New South Wales, Australia
Julai 1831

Mwanangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, mama yako na wadogo zako. Meli ya Eleanor imeteremsha Sydney watu zaidi ya 130 waliohukumiwa kwa ghasia za majira ya baridi yaliyopita, wengi wakiwa wavunjaji wa mashine za kupura ngano, na wenzao 224 wamepelekwa kisiwa cha Van Diemen's Land kwa meli ya Eliza. Mmoja wa walioshuka Sydney, mtu wa kwetu, ameniambia kwamba wewe nawe ulionekana katika umati ukiwa na nyundo. Tangu hapo sipati usingizi. Nakuomba, na kama baba yako nakuamuru, usirudi tena katika makundi hayo.

Sisemi kwamba kudai shilingi 2 kwa siku ni kosa. Mashine zimewanyang'anya vibarua wa mashambani kazi ya baridi nzima, na kijana aliyesimama na wenzake hakunitia aibu. Lakini sheria haiulizi kama ulikuwa na njaa. Haikuniuliza mimi nilipohukumiwa kwa kuiba yule kondoo, na kuvunja mashine ni kifungo cha miaka 7 ng'ambo.

Kuna watu huko wanaosema kwamba mfungwa hapa anakula nyama. Ni kweli: mgawo wa juma ni ratili 12 za ngano na ratili 7 za nyama. Usidanganyike kwa hilo. Mfungwa hukabidhiwa kwa bwana asiyemchagua, na kwa kuwa sheria haimruhusu bwana kumchapa mwenyewe, humwandikia hakimu barua na kumpa mfungwa huyohuyo aipeleke. Nimemwona kijana wa rika lako, asiyejua kusoma, akiondoka asubuhi na barua iliyotiwa lakiri, akarudi jioni shati limegandamana na mgongo kwa damu. Anayetoroka hutiwa pingu miguuni akavunje mawe barabarani, na anayerudia makosa hupelekwa Norfolk Island, kisiwa cha adhabu kali zaidi. Nyundo uliyoishika huko ungeishika hapa kwa miaka, ukiburuta minyororo.

Mimi mwenye kifungo cha maisha sikuweza kupewa hati ya ruhusa kabla ya miaka 8. Sasa ninayo, nafanya kazi ya ujira, ila siwezi kutoka wilaya hii bila kibali, wala kurudi Uingereza bila msamaha. Ndiyo maana nimepeleka ombi kwa gavana niletewe familia kwa gharama ya serikali. Ukikamatwa sasa, nani atawatunza mama yako na wadogo zako hadi jibu lifike? Ungeniandikia mwenyewe habari ya nyundo ile, badala ya kuniacha niisikie kwa mtu mwingine. Njoo kama mtu huru, mwanangu, usije chini ya sitaha.

Mwambie mama yako amwombe kasisi aandike ushahidi wa mwenendo wenu mapema, kabla mavuno hayajawashughulisha watu. Asiuze kitanda wala vyungu mpaka jibu la serikali limfikie mkononi, kwa maana majibu hayo huchelewa. Nguruwe anaweza kuuzwa, na fedha yake ilipe kodi ya nyumba kwanza. Dada yako akipata kazi ya ndani, awe katika nyumba ambayo mama yako anaifahamu.

Nijibu kwa meli ya kwanza, na uniandikie waziwazi kwamba umeacha.

Baba yako