Nekesa, usinunue mafuta mengine kabla utosi haujapimwa

Kisumu,
14 Julai.

Mpendwa Nekesa,

Salamu nyingi kutoka huku ziwani. Barua yako imefika pamoja na picha zote. Naanza na utosi wako kwa sababu huo hauwezi kungoja mpaka Desemba mje nyumbani. Mambo ya Naliaka, ya wifi, ya mtoto na ya shemeji yana nafasi, nitayafikia.

Unavyoeleza, nywele zilianza kupungua katikati ya utosi, duara likawa linapanuka pole pole, na ngozi ya hapo inawasha, siku nyingine inachoma hata ukiigusa kwa kitana. Msusi amesema ni mba, akakuuzia mafuta ya kitunguu. Mba huwasha, ni kweli, lakini mba haiachi duara. Siwezi kukupa jina la ugonjwa kwa picha ya simu. Hata hivyo, mwanamke Mwafrika wa umri wetu akianza kupoteza nywele utosini, upara ukitambaa kwenda pande zote na ngozi ikiuma, daktari anapaswa kwanza kufikiria ule upara unaoacha kovu, ambao wao huuandika CCCA. Ziandike herufi hizo kwenye karatasi uende nazo.

Kila unywele huota kutoka kwenye kinyweleo, na ndani ya kinyweleo kuna seli mama zinazouotesha upya kila unapodondoka. Katika ugonjwa huu uvimbe huzishambulia seli hizo chini ya ngozi, na mafuta ya kitunguu hayautulizi. Zikishakufa, mwili huziba pengo kwa kovu. Kinyweleo kilichozibwa hakuna dawa ya kukifungua, ya duka wala ya hospitali. Ndiyo maana nakuharakisha. Aina nyingine nyingi za kunyonyoka huacha kinyweleo kikiwa hai, kwa hiyo hata ukichelewa miezi kadhaa bado kuna cha kuokoa.

Fanya hivi kesho asubuhi. Mwambie shemeji akupige picha ya utosi nje, kwenye mwanga wa jua, nywele zikiwa kavu na bila mafuta. Ikuze hiyo picha. Ukiona vitundu vidogo vya vinyweleo, hata kama hakuna unywele ndani, hiyo ni habari njema. Ngozi ikiwa laini, inang'aa, haina vitundu, hapo kovu limeshaingia, na kazi yetu ni kulinda ukingo usiendelee. Tazama pia kama kuna nywele fupi zilizokatika katikati ya utosi tu huku kwingine ziko sawa. Wengine huanza hivyo, na wote wanaowazunguka hudhani ni nywele kavu.

Usimlaumu msusi kwa kila kitu. Mwaka 2019 watafiti walitangaza kwamba baadhi ya wagonjwa wa CCCA wana hitilafu katika jeni iitwayo PADI3, ambayo husaidia kuunda unywele wenyewe. Kwa hiyo ugonjwa hupita katika familia. Muulize mama, na shangazi zako, kama kuna aliyeanza kufunga kitambaa mapema maishani. Lakini mwenye asili hiyo akiongeza relaxa, pasi ya moto na nywele nzito za kushonea, anauchochea. Acha vyote vitatu kuanzia sasa, hata kabla ya majibu.

Huko Nakuru, anzia hospitali ya rufaa ya kaunti uulizie kliniki ya ngozi. Ukishindwa njoo huku, tutaenda hospitali ya Jaramogi, ile tunayoiita Russia. Fumua nywele siku mbili kabla, zioshe siku hiyo ya kufumua, kisha usioshe tena wala kupaka kitu. Daktari atashika kifungu cha nywele kama 50 au 60 na kuzivuta taratibu. Zikitoka zaidi ya sita hivi, basi zinadondoka kupita kiasi, na aliyeosha nywele asubuhi hiyo humdanganya daktari bila kujua kwa sababu zilizolegea zimeshatoka bafuni. Beba orodha ya dawa zote, pamoja na za kupanga uzazi, na tarehe za homa kubwa au upasuaji wowote wa mwaka huu.

Watachukua damu: wingi wa damu, akiba ya madini ya chuma iitwayo feritini, na homoni za thairoidi. Wakitaka pia kaswende na VVU usiudhike. Kaswende ya hatua ya pili hung'oa nywele kwa mabaka mabaka, na hutibika kwa sindano ya penisilini. Jambo moja ambalo watu wa kemisti hawalisemi: vile vidonge vya biotini unavyomeza huvuruga baadhi ya vipimo vya thairoidi, vikaonyesha ugonjwa usiokuwepo. Viache siku tatu kabla ya kutoa damu. Na kwa kweli usivirudie, maana upungufu wa biotini ni nadra kwa mtu anayekula chakula cha kawaida.

Kipimo kinachokata shauri ni kipande cha ngozi. Wanakudunga ganzi, wanachukua kipande cha mduara wa milimita 4, wanashona nyuzi moja au mbili. Usikubali kikatwe katikati ya upara pale panapong'aa. Hapo watapata kovu kuukuu lisiloeleza chochote. Kitolewe kwenye ukingo, mahali panapowasha na nywele bado zipo. Uliza hilo kwa adabu, lakini uliza.

Ikithibitika, dawa ya kwanza kwa kawaida ni klobetasoli ya kupaka, kila siku kwa wiki chache halafu inapunguzwa hadi mara mbili au tatu kwa wiki. Ni steroidi kali, yaani dawa ya kutuliza uvimbe. Ipake kwenye ngozi, si juu ya nywele, usiifikishe usoni, na usijiongezee muda, kwa sababu inakondesha ngozi. Wengi huongezewa sindano za triamsinoloni, steroidi nyingine, kwenye ukingo wa duara kila baada ya wiki 4 hadi 6. Zinaweza kuacha kijishimo, ambacho mara nyingi hujaa baadaye. Ya tatu ni doksisiklini, antibiotiki ambayo hapa inatumiwa kutuliza uvimbe hata kama hakuna usaha, kwa miezi kadhaa. Imeze kwa glasi nzima ya maji ukiwa umekaa wima, usilale kwa nusu saa, la sivyo itakuchoma koo. Usiinywe pamoja na maziwa au vidonge vya chuma, kwani vinaishika tumboni isiingie mwilini. Na kama kuna uwezekano wa mimba, sema mapema, hiyo haifai.

Kipimo cha mafanikio hapa ni kuwasha kukoma na duara kusimama. Hesabu miezi sita kabla ya kusema dawa imeshindwa. Nywele mpya zikija ni nyongeza, na hapo ndipo minoksidili, dawa ya kupaka ya kuotesha nywele, inaweza kusaidia vile vinyweleo vilivyo hai.

Sasa Naliaka. Picha yake ni hadithi nyingine kabisa. Zake zimerudi nyuma kwenye paji la uso na juu ya masikio, lakini mbele kabisa umebaki mstari mwembamba wa nywele laini za malaika. Mstari huo ndio alama ya nywele zilizovutwa. Zile nywele fupi haziingii kwenye msuko, kwa hiyo hazivutwi, zinabaki. Ana bahati kwamba ameanza juzi, maana vinyweleo bado vipo, lakini akiendelea miaka naye atapata kovu. Mwambie msuko unaouma ni msuko uliokazwa mno, na yule anayemeza panadol kabla ya kwenda saluni ameshapata jibu lake. Vipele vidogo vya maji au usaha kwenye mizizi baada ya kusukwa vina maana moja tu: fumua usiku huo huo. Rasta ziwe fupi na nyepesi, ukingo wa mbele uachwe bila kusukwa, zisikae zaidi ya miezi miwili, kisha kichwa kipumzike wiki kadhaa. Nywele zenye relaxa hazihimili kuvutwa, kwa hiyo achague moja kati ya relaxa na msuko. Akiacha kuvuta, ataanza kuona vinywele ndani ya miezi mitatu minne.

Wifi aliyejifungua Machi hana ugonjwa. Wakati wa mimba homoni zilizuia nywele zisidondoke kwa zamu zake, na sasa zinadondoka kwa pamoja. Hufikia kilele karibu mwezi wa nne na hutulia mtoto akikaribia mwaka. Homa kali hufanya vivyo hivyo: malaria ya Aprili huonekana kwenye kitana Juni au Julai, wakati mgonjwa ameshaisahau. Ambalo ningempima wifi ni damu, kwa vile alipoteza nyingi. Feritini chini ya 30 ni upungufu, lakini akiwa na maambukizi yoyote namba hupanda, hivyo ya kawaida inaweza kudanganya. Vidonge vya chuma asivimeze na chai. Chai ya maziwa ya saa nne inapunguza sana kazi yake, aiache saa moja kabla na mbili baada. Maji ya machungwa yanasaidia. Choo kitakuwa cheusi, asishtuke. Omena, maini na mboga za kienyeji viendelee, ila chakula peke yake kitachukua muda mrefu mno kujaza akiba iliyokwisha. Na asimgawie mtu vidonge hivyo kwa huruma. Mwenye selimundu aliyewekewa damu mara nyingi anaweza kuwa na chuma cha kupita kiasi tayari.

Mtoto ana mapunye, karibu nina hakika: mabaka yenye magamba, nywele zilizokatika zikaacha vidoa vyeusi, na ana tezi nyuma ya shingo. Ile krimu ya mchanganyiko mliyonunua kemisti iache leo. Ina steroidi ndani, inatuliza mwasho huku kuvu wakisambaa. Kuvu wenyewe wako ndani ya unywele, krimu yoyote haiwafikii. Anahitaji griseofulvini, dawa ya kuvu ya kumeza, kwa kawaida miligramu 15 hadi 20 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, wiki 6 mpaka 8, pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta, bila hivyo nusu inapita bure. Terbinafini ni njia nyingine. Kosa la wazazi ni kuacha wiki ya tatu wakiona magamba yameisha. Shampuu ya ketokonazoli mara mbili kwa wiki hupunguza kuambukiza wengine, lakini vidonge vya ketokonazoli vikatae, vinaumiza ini. Kichwa kikivimba na kutoa usaha msikipasue, mara nyingi ni kuvu hao hao. Vitana, kofia na mto visishirikiwe, na kinyozi asafishe mashine kwa spiriti kabla ya kumgusa.

Shemeji nitamjibu kwa kifupi, kwa vile yeye haumwi. Nywele zinazorudi nyuma kwenye pembe za paji la uso ni urithi na homoni za kiume. Minoksidili ya asilimia 5, mililita 1 asubuhi na 1 jioni kwenye ngozi kavu, chupa ya mililita 60 inaisha kwa mwezi. Wiki za kwanza nywele hudondoka zaidi, hapo ndipo wengi huitupa. Aipe miezi sita, na ajue akiacha faida yote inaondoka. Awali ilikuwa dawa ya presha, kwa hiyo moyo ukienda mbio aiache na aone daktari. Wewe usiitumie ukiwa na mimba au ukinyonyesha. Finasteridi, kidonge cha miligramu 1 cha kuzuia upara huo, ni ya kuandikiwa na daktari, inaweza kupunguza hamu ya tendo la ndoa, na vidonge vilivyovunjika usivishike ukiwa mjamzito. Vile vipele vya kisogo vinatokana na kunyolewa karibu mno. Akatwe kwa mashine bila kufikia ngozi, wembe hapana.

Majibu ya kile kipande cha ngozi yakitoka, nipigie picha karatasi nzima, si mstari wa mwisho tu. Na uniambie kimetolewa upande gani wa duara.

Msalimie shemeji na watoto.

Wako,
Atieno