Usianze na rangi

Sinza, Dar es Salaam

Baraka ndugu yangu,

Salamu. Sisi huku wazima, joto tu ndilo linatuonea. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote: laptopu inayokwama ukihariri video ya harusi, na habari za mama wa bibi harusi anayekupigia simu alfajiri kudai video yake. Pole sana. Ila kabla hujaenda kukopa hela ya kompyuta mpya, nisikilize.

Laptopu yako haina ubaya. Unaitwisha video nzito ya 4K mbichi kwa kazi ya kukata tu. Ukishaingiza klipu kwenye DaVinci Resolve, ile programu yako ya kuhariri, zichague zote utengeneze proksi za robo, yaani nakala nyepesi za kukatia. Picha ya 4096 kwa 2160 inashuka hadi 1024 kwa 540, na hapo utakata bila kukwama. Iache ifanye kazi usiku, wewe lala. Asubuhi weka vidole kwenye vitufe vya J, K na L, vya kurudisha, kusimamisha na kupeleka mbele, ukate. Rangi usiiguse! Muda wako unapotelea hapo: unahangaika na rangi ya klipu ambayo kesho unaitupa.

Mkato ukishakubaliwa, zima proksi, rudi kwenye faili asilia. Gawa klipu kwa makundi: kanisani, bustanini, ukumbini. Rekebisha ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) na joto la rangi kwenye klipu moja, kisha zipe mipangilio hiyo klipu nyingine za mahali hapo. BRAW, hizo faili mbichi za kamera ya Blackmagic, inakuruhusu kwa sababu kamera haijafunga maamuzi hayo ndani ya picha. Mwonekano wa jumla uweke mwishoni, kwenye nodi za kundi (hatua za rangi zinazogusa kundi zima), ili ukibadili mara moja klipu zote zifuate. Zitakazobaki kukusumbua ni chache, hizo ndizo za kushughulikia moja moja.

Sasa ngozi, maana ndipo wengi wanapoharibu. Mafunzo mengi ya mtandaoni yanasema upandishe uso hadi asilimia 70 kwenye wevufomu, ile grafu ya kupima mwanga wa picha. Hicho ni kipimo cha ngozi nyeupe. Bibi harusi wa maji ya kunde anakaa vizuri chini ya hapo, mweusi tii chini zaidi. Ukimlazimisha, uso unageuka majivu na lesi ya shela inapotea kwenye weupe. Uso ukiwa gizani kweli, uzungushie dirisha, yaani umbo la kutenga sehemu ya picha, uunyanyue peke yake. Ule mstari wa ngozi kwenye vekta skopu, kipimo cha rangi, lakini, unatufaa sote. Tofauti yetu kubwa iko kwenye mwanga, kwenye rangi yenyewe ni ndogo.

Zile taa za zambarau za ukumbini usipigane nazo. Ukikazana kuzifanya za kawaida, nyuso zinatoka kama udongo. Punguza ukolezo wa zambarau, basi. Na MC akisogea kwenye taa nyeupe, shukuru Mungu, tumia klipu hizo.

Toleo la bure la Resolve linakutosha kwa haya yote. La kulipia ni dola 295, mara moja tu, na mimi nalipendea kuondoa chembechembe za picha za usiku. Siyo la haraka kwako.

Ukikwama, nitumie faili ya mradi na proksi tu, za asilia zitamaliza bando lako. Na huyo mama mtumie dakika moja ya kanisani atulie.

Wasalimie wote nyumbani.

Ndugu yako,
Hamisi