Shukrani kwa muuguzi wa zahanati

Mama ana kisukari na presha, na figo zimeanza kusumbua. Daktari bingwa alibadilisha dawa, zahanati ikaendelea kutoa zile za zamani.

Muuguzi, jina lako sikulipata. Ulituambia tumwage vidonge vyote mezani, ukasoma pakiti moja moja. Mbili zilikuwa dawa ileile kwa majina tofauti! Ukamsimamishia ibuprofeni aliyokuwa akimeza kwa ajili ya magoti, maana inaumiza figo. Ukampigia bingwa, hakupokea. Ukarudia mpaka akapatikana, na foleni nje ikinung'unika. Ukatuandikia orodha moja yenye tarehe ya kupima kreatinini, kipimo cha damu cha kuangalia figo zinavyofanya kazi.

Wenye wagonjwa, bebeni dawa zote kliniki, hata za kununua dukani. Mama anakusalimu sana.