Dawa ya kinga itangulie kisu katika upasuaji wa tezi dume

Mhariri,

Wagonjwa wanaosubiri kupasuliwa tezi dume huuliza mengi, lakini katika miaka yangu ya uuguzi chumba cha upasuaji sikumbuki aliyetaka kujua sindano yake ya antibiotiki itachomwa saa ngapi. Wengi huamini kwamba watakingwa na vidonge vya siku saba watakavyokwenda navyo nyumbani. Imani hiyo inanisikitisha, kwa sababu kinachozuia maambukizi ni kiasi cha dawa kilichokwisha kuingia ndani ya tishu wakati zinapokatwa.

Dawa kuwamo kwenye damu si hakikisho kwamba imefika kwenye tezi dume. Chembe zinazotandaza vijifereji vya tezi hiyo zina utando wa mafuta unaozipa shida dawa nyingi: siprofloksasini na levofloksasini huupenya vizuri, hata kiasi chake ndani ya tezi kikazidi kile cha kwenye damu, ilhali jentamisini hupenya kwa uchache. Hata hivyo, kupenya peke yake hakutoshi, maana bakteria wengi wa njia ya mkojo wamekuwa sugu kwa siprofloksasini, na dawa iliyojaa kwenye tishu haina faida ikiwa vimelea waliopo hawaiogopi. Ndiyo maana mkojo upimwe na kuoteshwa maabara siku chache kabla ya upasuaji, na bakteria wakionekana watibiwe kwanza.

Kuhusu muda, utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1992, uliofuatilia wagonjwa 2,847 wa upasuaji wa aina mbalimbali, ulionyesha kwamba waliopewa dawa ndani ya saa mbili kabla ya kukatwa walipata maambukizi ya kidonda kwa asilimia 0.6, na waliopewa mapema zaidi ya hapo kwa asilimia 3.8. Kuwahi mno, basi, nako kuna hasara. Sefazolini, antibiotiki ya sindano, huchomwa ndani ya saa moja kabla ya kisu na hurudiwa upasuaji ukizidi saa nne au damu ikimwagika nyingi, kwa kuwa kiasi chake mwilini hupungua haraka. Anayepewa siprofloksasini ya kumeza naye asiiteremshe kwa maziwa wala kuichanganya na dawa za kupunguza asidi tumboni, kwani hunaswa humo na sehemu kubwa isifike kwenye damu.

Baada ya upasuaji, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unashauri dawa ya kinga isiendelezwe. Shirika hilohilo, katika orodha yake ya usalama wa upasuaji, linataka timu nzima iulizwe kabla ya kukata kama antibiotiki imetolewa ndani ya dakika 60 zilizopita. Nawasihi wenzangu wasilijibu swali hilo kwa mazoea: saa ya sindano iandikwe kwenye faili la mgonjwa na isomwe kwa sauti, daktari akiwa bado hajashika kisu.

Muuguzi mstaafu wa chumba cha upasuaji