Mpwa wangu, usimkabidhi mtu ufunguo wa nyumba ya mama yako kabla hujasoma hapa

Mpwa wangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilisikia habari tu. Mara ya tatu nilikuwa nimekaa barazani, kumetulia, nikasikia na mbuzi ya mama yako ikikuna nazi nyuma yako, naye mwenyewe hasemi kitu. Dada yangu akinyamaza namna ile, najua jambo limemkaa rohoni.

Nimelielewa hivi. Amekuja mtu, anataka nyumba sita hapo Kilwa Kisiwani, kila moja itoe chumba cha wageni. Wageni atawaleta yeye kwa boti yake kutoka Kilwa Masoko, ng'ambo ya maji, watapikiwa na mpishi wake, na ninyi mtapokea kodi kila mwisho wa mwezi. Nyumba ya mama yako ndiyo ya kwanza kwenye orodha kwa kuwa iko karibu na Msikiti Mkuu. Unaniuliza mjomba nasemaje. Nakujibu hadharani, kwa sababu Songo Songo wapo vijana wenye swali kama lako, na Msimbati wapo.

Unaikumbuka ile kofia nyekundu ya sufu iliyotundikwa juu ya kabati langu, ile mliyokuwa mkigombania kuivaa mkiwa wadogo? Sijawahi kukuhadithia ilikotoka. Nawe hukuuliza, ulidhani mabaharia hununua vitu ovyo bandarini.

Mwaka 2012 meli yetu iliharibika mtambo tukiwa Matarani, kusini mwa Peru. Kipuri kikawa cha kusubiri wiki mbili. Mfilipino mmoja tuliyekuwa tukishika naye zamu ya usiku akaniambia twende tukaone ziwa la juu milimani. Tukapanda basi mpaka Arequipa, tukalala, kesho yake tukapanda jingine mpaka mji wa Puno, ulio kando ya Ziwa Titicaca, mpakani mwa Peru na Bolivia.

Ziwa hilo liko mita 3,812 juu ya usawa wa bahari. Waliopanda Kilimanjaro wanakijua kituo cha Horombo, kiko mita 3,720. Sasa fikiria maji ya kilomita za mraba zaidi ya 8,000 yamekaa juu kuliko Horombo, na humo watu wanavua, wanalima, wanaoana. Mimi mtoto wa pwani niliyezoea hewa nzito ya Lindi nilipata tabu. Huko juu mgandamizo wa hewa haufiki hata theluthi mbili ya ule wa baharini, na mwili unaijua hesabu hiyo kabla ya akili. Kichwa kiligonga usiku kucha. Nikipanda ngazi kumi nasimama. Mwenye nyumba ya wageni aliniletea chai ya majani ya koka, akaniambia kwa ishara ninywe taratibu, nile kidogo, nisikimbie. Ikanisaidia kiasi, ila kilichonitengeneza hasa ni siku mbili za kutulia.

Siku ya tatu tukaingia ziwani. Ofisi moja ya safari pale mjini ilituuzia visiwa vitatu kwa siku mbili, bei moja, kila kitu ndani.

Kisiwa cha kwanza hakikuwa ardhi. Karibu na Puno, ndani ya matete, wanaishi watu wa Uros juu ya visiwa walivyovitengeneza wenyewe kwa totora, jani refu ambalo ni ndugu wa mafunjo. Mizizi yake hushikana mpaka inakuwa kama godoro nene, na maji yakipanda, godoro linaelea. Wanalikata mapande makubwa kwa msumeno, wanayafunga pamoja kwa kamba, kisha wanatandaza juu yake totora iliyokatwa, tabaka hili likilala huku, lile likilala kule. Wanachomeka miti na kufunga kamba ili upepo usiondoke na kijiji. Ukikanyaga unadidimia kidogo, kama umepanda juu ya rundo la makuti mabichi. Chini kunaoza, juu wanaongeza, mwaka mzima. Sisi tunaezeka paa tukapumzika miaka. Wao sakafu haiwapi nafasi hiyo. Nyumba ni totora, mtumbwi ni totora, na ile sehemu nyeupe ya chini wanaimenya wanaila. Lugha yao ya zamani imekwisha kufa, siku hizi wanasema Kiaimara.

Tulikaa hapo kama nusu saa. Tukaketishwa duara, tukaonyeshwa kwa mfano mdogo jinsi kisiwa kinavyojengwa, akina mama wakatandika vitambaa vyao vya kuuza, wakatuimbia, wakatutaka tupande mtumbwi wa totora kwa malipo ya ziada. Mama mmoja wa Kizungu tuliyekuwa naye botini akasema kwa sauti, "Haya ni maigizo." Wengine wakaitikia kwa kichwa. Baadaye nilikutana na wasafiri wengi waliopita pale, na neno lao ni hilohilo: Uros ni biashara, usipoteze muda.

Neno lile liliniuma, mpwa wangu, na linaniuma mpaka leo. Nyuma ya nyumba nilimwona baba mmoja anashusha totora mbichi kutoka kwenye mtumbwi, viganja vimechanikachanika. Ule haukuwa mchezo wa kuonyesha wageni, maana hakuna aliyekuwa akimtazama. Ile nusu saa hakuipanga yeye. Aliipanga mwenye boti, ambaye alikuwa amesimama na injini inanguruma, anatuhimiza tupande. Ukimpa mtu nusu saa akuonyeshe maisha yake na hapohapo auze kitambaa ili wanawe wale, atafanya nini zaidi ya kuimba haraka?

Nikakumbuka Kisiwani. Tangu 1981 magofu yetu yamo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Mgeni anavuka asubuhi, anapitishwa Gereza, yaani ile ngome ya kale, na Msikiti Mkuu, anafikishwa Husuni Kubwa, gofu la kasri la sultani, anapiga picha, jua likikolea anarudi Masoko akale na kulala huko. Mama yako anapita na ndoo yake ya maji, anaonekana kwenye picha za watu, basi. Sisi nasi tumeishi na nusu saa yetu.

Kutoka Uros boti ilikwenda mwendo wa karibu saa tatu mpaka kisiwa cha pili, Amantaní. Hapa ndipo ninapotaka ukae na mimi.

Amantaní ni mlima uliotoka majini, una vilele viwili, kimoja wanakiita Pachatata, baba dunia, na kingine Pachamama, mama dunia. Hakukuwa na gari, hakukuwa na hoteli. Gatini walikuwa wamesimama akina mama wamejitanda shuka nyeusi zenye maua ya kutarizi. Mwanamume mmoja alikuwa na daftari. Akafungua ukurasa, akasoma: nyumba ya fulani, wageni wawili, nyumba ya fulani, wageni wawili. Hakuna mama aliyemkimbilia mgeni, hakuna aliyemvuta mtu mkono. Aliyepata leo, wiki hii amemaliza. Aliyekosa leo, jina lake liko mbele. Kisiwa kina jumuiya kumi, na wageni wanazungushwa kwa zamu. Nilitazama daftari lile jinsi unavyotazama kitu ulichokipoteza, maana zamu sisi tunaijua. Tunaijua kwenye upatu, tunaijua kwenye kupika msibani. Kwa wageni tu ndiko tulikoiacha.

Mama aliyetupokea alikuwa wa umri wa dada yangu. Alitutangulia kupanda kilima huku anasokota sufu kwa mkono, hahemi, nami nyuma yake nasimama kila hatua ya ishirini. Nyumba ya matofali ya udongo, mlango mfupi unaoinama kuingia, kitanda kimoja kizito kwa mablanketi. Tulikuwa tumeambiwa tusiende mikono mitupu, tukampelekea mchele, sukari na mafuta ya kula, maana huko mchele hauoti na kila kilo inavuka ziwa. Akavipokea kwa mikono miwili. Ningekuwa nimefika kwa mama yako tusingefanya tofauti.

Chakula alipika mwenyewe, kwenye moto wa kuni, sisi tumekaa palepale jikoni. Supu ya kinoa, nafaka ndogondogo kama uwele, halafu viazi vya rangi nne na jibini la kukaanga, na mwisho chai ya munya, jani la porini linalonukia karibu na mnanaa. Humo kwenye supu nikakuta kitu cheusi, kigumu kidogo, kina uchungu wa mbali. Wanakiita chunyo. Ni viazi vinavyoanikwa nje usiku wa baridi kali vigande, mchana vikiyeyuka wanavikanyaga kwa miguu maji yatoke, wanarudia siku kadhaa mpaka vikauke, vinakaa ghalani miaka. Nikamwambia Mfilipino amwambie, kwa Kihispania alichookota bandarini, kwamba kwetu tuna makopa ya muhogo. Alipoelewa alicheka sana, akaniongezea bakuli.

Usiku ule ulikuwa na baridi ambayo sijaionja tena. Nilitoka kwenda chooni nikainua macho, nyota zilikuwa karibu mno. Nilisimama pale na taulo kichwani mpaka meno yakagongana.

Asubuhi nikafanya jambo ambalo labda si adabu. Nikamuuliza: katika zile pesa tulizolipa Puno, wewe umefikiwa na ngapi? Akatuonyesha kwa vidole. Kilichobaki, yaani sehemu kubwa, kilikuwa kimeishia kwenye ile ofisi iliyotuuzia tiketi. Zamu walikuwa nayo, daftari walikuwa nalo, jiko lilikuwa lao. Boti haikuwa yao.

Kisiwa cha tatu, Taquile, ndiko ilikotoka kofia. Kutoka gatini unapanda ngazi za mawe zaidi ya mia tano. Juu kule wanaume wanatembea wanafuma kwa sindano, wazee kwa vijana, wamesimama uwanjani wanazungumza huku vidole vinafanya kazi. Wanawake ndio wanaosokota na kufuma mitandio na mikanda. Kofia inasema habari ya mwenyewe: nyekundu tupu ni ya aliyeoa, yenye nyeupe sehemu ya juu ni ya asiyeoa. UNESCO ilizitangaza nguo zao kuwa urithi mwaka 2005. Mzee aliyeniuzia kofia alinitajia na sheria zao tatu za Kikechua, lugha yao: usiibe, usiseme uongo, usiwe mvivu.

Yeye ndiye aliyetusimulia habari ya boti. Miaka ya 1970 wageni walipoanza kufika, watu wa Taquile walichanga familia kwa familia, wakaunda boti zao, wakafunga injini kuukuu za magari. Wakapata na idhini kwamba wageni wa kisiwa chao wavuke kwa boti za kisiwa. Wao waliwaleta, wao waliwalaza, wao waliwalisha, na nguo ziliuzwa kwenye duka la ushirika kwa bei waliyokubaliana. Halafu ikaja miaka ya 1990, serikali ikafuta haki zote za namna hiyo kwa jina la biashara huria, na boti za watu wa mjini, zenye kasi na viti vizuri, zikaingia. Wageni wakaongezeka, fedha inayobaki kisiwani ikapungua. Mgeni anashushwa, anakula mchana, anashuka ngazi upande wa pili, ameondoka kabla jua halijashuka. Mzee alisimulia bila kupandisha sauti, sindano haikusimama. Nilitaka kumwambia neno la kumpoza, sikulipata.

Kwetu husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Nami nakuuliza wewe na vijana wenzako: huyu anayekuja na orodha ya nyumba sita, akifika mgeni, hapo anapona nani? Mama yako atapata kodi, sikatai. Lakini atakuwa kama mpangaji wa watu nyumbani mwake, mgeni analala chumba cha pili, na yeye hajui jina lake wala hajamwekea sahani. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akaandika kuhusu watu aliowakuta, jinsi sultani alivyokuwa mkarimu. Hakuandika kuhusu kuta peke yake.

Sisemi mtu huyu afukuzwe. Anawajua wageni waliko, na ninyi hamuwajui. Mwambieni alete wageni, awakabidhi Masoko. Kuvuka kuwe kwa mashua ya Kisiwani. Nyumba zisiwe sita, ziwe zote zinazotaka na zenye choo safi, na daftari likae serikali ya kijiji lisomwe gatini mbele za watu. Wapike wenye nyumba. Malipo yajulikane kwa kila mwenye zamu kabla mgeni hajavuka. Na masharti ya nyumba yasemwe mapema, mavazi, kilevi, picha za watoto, maana mgeni mwema hupenda kuambiwa, na mama yako hapaswi kuona haya kusema ndani ya nyumba yake. Akikataa hayo yote, mtakuwa mmeshajua alichokuja kutafuta.

Mimi navuka Jumamosi asubuhi. Mwambie mama asihangaike, samaki wa nazi na wali vinatosha, nami nataka nimsikie yeye mwenyewe akisema, maana nyumba ni yake na mpaka sasa tumeongea wanaume tu. Kofia nakuja nayo, utaivaa ukioa.

Na yule jirani yenu mwenye mashua mbili, ile ya pili iliyopandishwa mchangani tangu masika: mpitie jioni, umuulize taratibu anataka kiasi gani.

Mjomba wako,
Lindi